Bunge Haliuzi Chai

Msikilizaji, kila ifikapo Septemba na Oktoba, kuanzia Litein na Kapkatet hadi Mogogosiek na Kapkoros, watu huulizana jambo moja: bonasi ni ngapi mwaka huu? Jibu likiwa dogo, lawama huanzia kwa wakurugenzi wa kiwanda, hupanda hadi KTDA, wakala anayesimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo, na mwishowe huwafikia waliotumwa Nairobi kutunga sheria. Tuliambiwa sheria mpya imekuja, mbona malipo ni yale yale? Mwaka 2025 swali hilo lilisikika tena, kwa sauti kubwa, Kericho na Bomet. Ni swali halali, na halistahili majibu ya mkato ya wanasiasa, wale wanaoitaja Sheria ya Chai ya 2020 kama dawa na wale wanaoiita karatasi tupu. Dai langu leo ni kwamba sheria ile ni kazi ya kibunge ya maana, labda ndiyo kubwa kuliko zote ambazo mwakilishi wa eneo hili amezifanya tangu Katiba ya 2010, ila tumekuwa tukiipima kwa jambo ambalo hakuna bunge linaloliweza, huku yale inayoyaweza yakilala bila kufuatiliwa na mtu.

Tuanze na mswada wenyewe. Aaron Cheruiyot aliingia Seneti kwa uchaguzi mdogo wa Machi 2016, baada ya Charles Keter kukiacha kiti cha useneta wa Kericho na kwenda kuwa Waziri wa Kawi. Mswada wa Chai aliouleta umesajiliwa kama Mswada wa Seneti nambari 36 wa mwaka 2018. Rais Uhuru Kenyatta aliutia saini tarehe 23 Desemba 2020, na sheria ikaanza kutumika tarehe 11 Januari 2021. Kabla yake, chai ilikuwa imepoteza nyumba yake. Bodi ya Chai, iliyokuwapo tangu 1950, ilivunjwa na mabadiliko ya mwaka 2013 yaliyoyaweka mazao mengi chini ya mamlaka moja ya kilimo, chai ikawa idara tu katika ofisi inayosimamia pia miwa, kahawa na minazi. Kituo cha utafiti wa chai cha hapa Kericho nacho kikaingizwa chini ya KALRO, shirika la utafiti wa mazao yote na mifugo. Kwa zao linaloliingizia taifa fedha za kigeni kwa kiasi kile, na ambalo familia zaidi ya laki sita hulipeleka KTDA, uamuzi ule wa 2013 ulikuwa wa ajabu, na sijapata kusikia utetezi wake unaoingia akilini.

Njia aliyopita seneta haikuwa nyepesi. Mswada wa mjumbe mmoja, ambao haukutoka serikalini, kwa kawaida hufia kwenye kamati. Zaidi ya hapo, Katiba yetu inasema mswada wa fedha huanzia Bunge la Kitaifa peke yake, na mswada huu ulikuwa na kifungu cha ushuru ndani yake, hivyo asiyeutaka alikuwa na kisingizio tayari mkononi. Miaka ileile mabunge mawili yalikuwa yakivutana hadi kortini: tarehe 29 Oktoba 2020, Mahakama Kuu ilizifuta sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Kitaifa bila kuihusisha Seneti. Na kando ya hayo, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alikuwa akisukuma kanuni zake mwenyewe za chai, ambazo nazo zilipelekwa mahakamani. Mswada kuvuka vichaka vyote hivyo na kufika Ikulu kabla ya Krismasi kulihitaji subira na maelewano ambayo hatuyaoni tunapomtazama mbunge akirusha maneno kwenye mazishi. Ninasema hivi bila kumpigia mtu kampeni. Ni kwamba hesabu ya kazi ya mbunge huwa kwenye vitabu vya sheria, na sisi tumezoea kuitafuta kwenye harambee.

Sasa, sheria inasema nini? Tulifuate jani. Mkulima analichuma, analifikisha kituoni, karani analipima na kuandika kilo, lori linalipeleka kiwandani. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai iliyosindikwa. Chai hiyo husafirishwa hadi kwenye mnada wa Mombasa, mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969, na kule huuzwa kwa dola. Kisha pesa zinaanza kurudi mlimani, na kila kituo zinapofika zinapunguzwa: dalali, wakala, ghala, stima, kuni, mishahara ya kiwanda, mikopo, mbolea. Kinachobaki ndicho cha mkulima. Karibu kila kifungu chenye uzito katika sheria hii kinahusu safari hiyo ya kurudi. Kiwanda kinatakiwa kumlipa mkulima angalau nusu ya thamani ya majani yake kila mwezi, na salio limfikie ndani ya mwaka huohuo wa fedha. Ada ya wakala anayesimamia viwanda imewekewa kikomo cha asilimia 1.5 ya mapato ya mauzo, wakati awali ilikuwa asilimia 2.5. Chai ya kawaida inayokwenda nje inatakiwa kupitia mnadani, bei ionekane na kila mtu, badala ya kuuzwa pembeni kwa bei wanayoijua wawili. Na ushuru wa chai ukitozwa, sheria imekwisha kuugawa: nusu ya kuimarisha mapato ya wakulima bei inapoanguka, asilimia 20 ya bodi, 15 ya miundombinu kwenye kaunti za chai, na 15 ya utafiti.

Tazama sasa kisichokuwemo. Hakuna kifungu kinachosema chai itauzwa shilingi ngapi, na hakingeweza kuwemo. Ili kuielewa sababu, niruhusu nikupeleke mbali kidogo, Ufaransa ya karne ya 19, kwa mbunge mmoja aliyeitwa Jules Méline. Alitoka Vosges, jimbo la milima na mashamba mashariki mwa Ufaransa, akaingia bungeni mwaka 1872 na baadaye akawa Waziri wa Kilimo, kisha Waziri Mkuu. Wakati huo ngano rahisi kutoka Marekani na Urusi ilikuwa ikimiminika Ulaya kwa meli za mvuke na bei ya mkulima wa Kifaransa ikawa inaporomoka. Jibu la Méline lilikuwa kufunga mlango. Sheria ya ushuru wa forodha inayobeba jina lake ilipitishwa tarehe 11 Januari 1892, siku na mwezi uleule ambao Sheria yetu ya Chai ingeanza kutumika miaka 129 baadaye, ingawa hilo ni sadfa tu. Ushuru wa ngano uliokuwa faranga 3 kwa kilo mia mwaka 1885 ulikuwa umefika faranga 7 mwaka 1894. Mkulima wa Vosges alipata nafuu, na mnunuzi wa mkate mjini Paris akaigharamia.

Méline aliliweza hilo kwa sababu ngano ya Wafaransa ililiwa na Wafaransa. Muuzaji na mnunuzi walikuwa chini ya bunge moja, na bunge likiamua huyu apate zaidi, yule analazimika kulipa. Sisi kwetu kunywa chai ni desturi ya kila nyumba, hata hivyo tunachokunywa ni sehemu ndogo mno ya kile tunachokivuna. Kenya huzalisha zaidi ya kilo milioni 500 kwa mwaka na sehemu kubwa kabisa hupanda meli kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Mnywaji wa Karachi hayuko chini ya Seneti ya Nairobi. Ukimwekea bei asiyoitaka, atanunua kwingine.

Na hili si jambo la kukisia, tumelijaribu. Julai 2021 KTDA iliweka bei ya chini kabisa mnadani, dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa njema, na kwa muda ilionekana kufanya kazi. Lakini baadaye wanunuzi waliichagua chai ya viwanda ambavyo tangu zamani hupata bei ya juu, vile vya mashariki ya Bonde la Ufa, Kirinyaga, Murang'a na Kiambu, kwa kuwa chai hiyo ingefikia dola hizo hata bila amri. Chai ya magharibi, yetu hii ya Kericho na Bomet, ndiyo iliyokuwa ikisubiri maghalani Mombasa, mnada baada ya mnada. Mamilioni ya kilo yalirundikana. Bei ile iliondolewa mwaka 2024, na mrundikano ule ukauzwa kwa bei ya chai iliyokaa. Ongeza suala la dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Kilo ileile ya chai, kwa bei ileile ya dola, ikawa inaleta shilingi pungufu. Kushuka huko kulimfurahisha mwenye gari na mwenye deni la nje. Kwa mkulima wa Konoin kulikuwa makato ambayo hayakuandikwa kwenye karatasi yoyote ya malipo. Ni kifungu gani cha Sheria ya Chai kingeyazuia hayo?

Hapo mpinzani wangu ananishika shati. Anasema: kama sheria haiwezi kugusa bei, basi ina faida gani? Umekiri mwenyewe. Namjibu kwamba kuna mambo mawili tofauti, ukubwa wa fungu linalotoka Mombasa na mgawanyo wake njiani, na hili la pili ni mali ya bunge kabisa. Mfano ulio wazi ni malipo ya kila mwezi. Kwa miaka mingi mkulima wa KTDA alipewa shilingi 16 hivi kwa kilo ya majani, na iliyobaki ikakaa hadi bonasi. Katikati ya 2021, sheria ikiwa imeanza na uongozi wa KTDA ukiwa umebadilika, malipo hayo yalipanda hadi shilingi 20 na zaidi. Sitasema yote yalitokana na kifungu kimoja, maana siasa ya mwaka ule ilikuwa nyingi. Lakini mwelekeo ni uleule ambao sheria iliutaka, pesa zimfikie mwenyewe mapema. Na hapa pana jambo tusilopenda kuambiana. Bonasi haijawahi kuwa zawadi. Ni pesa ya mkulima iliyokaa kwa wengine kwa miezi kumi na zaidi, na yeye huku akikopa karo ya Januari na mbolea ya mvua za masika kwa riba. Ukilipwa zaidi kila mwezi, bonasi itapungua hata bei isipobadilika. Kwa hiyo anayetaka kujua kama amepata au amepoteza, ajumlishe mwaka mzima, malipo ya mwezi na bonasi, halafu agawanye kwa kilo zake. Ninajua kwamba hata kwa hesabu hiyo viwanda vyetu viko nyuma ya wenzao wa mashariki, na kwamba mwaka 2025 pengo lilichoma moyo. Hesabu hiyo ndiyo itakayoonyesha pengo limeanzia wapi: bei ya mnada, gharama za kiwanda, au makato. Bonasi peke yake inayachanganya yote matatu kuwa tarakimu moja ya kukasirikia.

Kuna pingamizi jingine, nalo lina heshima yake. KTDA ni kampuni binafsi tangu Juni 2000, wenye hisa ni viwanda, na wenye viwanda ni wakulima. Serikali inaingiaje kwenye kampuni ya watu na kupanga ada ya wakala wao? Mwenye duka haambiwi na bunge amlipe karani wake kiasi gani. Hoja hii ingenitosha kama mkulima angekuwa na njia nyingine. Mwenye mashina mia tano ya chai pale Ainamoi au Bureti hawezi kuamka kesho akamtafuta wakala mwingine wa kusimamia kiwanda chake, wala hawezi kung'oa chai apande mahindi kisha airudishe chai mwaka ujao, kwa maana shina la chai hudumu kwa vizazi. Mwenye mali ambaye hana nguvu ya kuondoka anahitaji sheria ya kumlinda na mtumishi wake mwenyewe. Tena si kweli kwamba chai iliwahi kuwa biashara huru ambayo bunge limekuja kuivuruga. Makampuni ya Kiingereza yalipopanda chai Kericho katika miaka ya 1920, yaliipanda kwenye ardhi iliyotwaliwa kwa sheria za kikoloni, na Mwafrika alizuiwa kulima zao hilo hadi miaka ya 1950, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ule wa Swynnerton, ulipomfungulia mlango kidogo. Chai yetu imezaliwa na kulelewa na sheria. Kilichobadilika ni kwamba safari hii aliyeiandika alipigiwa kura na wachumaji.

Ushuru nao unalalamikiwa, kwamba ni makato juu ya makato. Lalamiko hili nalikubali nusu. Ushuru wa namna hiyo ulikuwepo, ukaondolewa, na wachache waliweza kueleza ulikuwa umefanya nini. Tofauti ya sasa ni kwamba mgawanyo umeandikwa ndani ya sheria, na anayetaka kuubadilisha hana budi kurudi bungeni. Hilo linampa mkulima haki ya kuuliza asilimia 15 ya barabara za chai imekwenda barabara ipi.

Turudi kidogo kwa Méline, kwa sababu simulizi yake ina nusu ya pili ambayo watu huisahau. Tarehe 5 Novemba 1894, chini ya miaka mitatu baada ya ushuru uliompa umaarufu, bunge la Ufaransa lilipitisha sheria nyingine aliyoipigania, sheria isiyo na kelele, ya kuwaruhusu wakulima waliojiunga katika vyama vyao kuanzisha benki ndogo za mikopo. Ule ushuru wa ngano leo ni habari ya wanahistoria. Benki zile ndogo zilikua, zikaungana kimkoa kuanzia 1899, na hivi sasa Crédit Agricole ni miongoni mwa benki kubwa za Ulaya. Kati ya sheria iliyoahidi bei na sheria iliyojenga chombo cha mkulima, iliyoishi ni ya pili. Ndiyo maana ninapoisoma Sheria ya Chai sitafuti ahadi ya bei, ninatafuta vyombo, na navipata viwili: bodi na taasisi ya utafiti.

Na hapo ndipo ukali wangu ulipo, msikilizaji. Vyombo hivyo vimetendewa vibaya. Sheria ilipoanza tu, kesi zilifuata, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilitoa amri za kusimamisha baadhi ya vifungu vyake. Kwenda mahakamani ni haki ya kila mtu, lakini bunge lililotunga sheria lilikaa kimya kama kwamba kesi ni ya jirani. Bodi ya Chai ilirudi polepole. Na Wakfu wa Utafiti wa Chai, ambao sheria iliutaka usimame wenyewe hapa Kericho, miaka mitatu baada ya saini ya Rais bado ulikuwa jina la kwenye karatasi, watafiti wakiendelea chini ya KALRO. Hawa ndio walioipa nchi aina ya chai ya zambarau, TRFK 306, mwaka 2011. Wao ndio wangeweza kutuambia kwa ushahidi kwa nini chai ya magharibi hupata bei ya chini kuliko ya mashariki: ni urefu wa mlima, ni udongo, ni majani makuukuu yanayochumwa kwa haraka, au ni mazoea ya wanunuzi. Tunabishana kila Oktoba juu ya jambo ambalo sheria ilikwisha kuweka mtu wa kulichunguza, kisha hakupewa fedha wala ofisi. Kutunga sheria bila kuifuatilia ni ugonjwa wa mabunge mengi, lakini Seneti ina kamati ya kilimo yenye uwezo wa kuwaita mawaziri, kudai hesabu na kutaja tarehe. Kazi hiyo haina picha nzuri ya gazeti, na pengine ndiyo sababu.

Limebaki pengo moja ambalo siwezi kulisingizia utekelezaji, kwa kuwa limo kwenye maandishi yenyewe. Sheria ya Chai inamjua mkulima, kiwanda, wakala, dalali na mnunuzi. Mchumaji wa kuajiriwa haonekani sana. Mashamba makubwa ya Kericho yamebadilisha wenyewe haraka katika miaka hii: ya James Finlay yalichukuliwa na Browns ya Sri Lanka mwaka 2023, na yale yaliyokuwa ya Unilever yakafuata njia hiyohiyo mwaka 2024 baada ya kupitia mikono mingine. Wakati huohuo mashine za kuchuma zimeingia, na Mei 2023 vijana walizichoma moto kwenye mashamba hayo. Kuchoma mali ni kosa la jinai na sitalitetea. Lakini watu walifika hapo bila kuwa na meza yoyote iliyowekwa na sheria ya kujadili mashine ngapi, kwa kasi gani, na aliyeondolewa alipwe nini. Kuna mikataba ya vyama vya wafanyakazi, ipo, na kila upande huikimbiza mahakamani. Marekebisho mafupi yangetosha: mwajiri wa chai anayeleta mashine atoe notisi kwa bodi na kwa kaunti, aweke wazi ajira zinazoondoka, na sehemu ya ushuru uliokwisha kugawanywa itengwe kuwafundisha kazi nyingine wanaoachwa. Mswada wa namna hiyo hauhitaji kusubiri serikali. Mwaka 2018 seneta wa Kericho aliuleta wake akiwa mjumbe wa kawaida, na tangu 2022 yeye ndiye Kiongozi wa Walio Wengi katika Seneti, mwenye sauti kubwa katika kuamua ni hoja ipi iingie ukumbini na ipi ingoje.